Binti yangu akiona nepi anageuka kambare

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa binti mmoja, ametimiza miezi 11 juzi. Mama yake alirudi kazini mtoto akiwa na miezi 9, na kwa kuwa kazi yangu naifanyia nyumbani, mchana mtoto yuko nami. Kumlisha naweza, kumwogesha naweza, kumlaza naweza. Kinachonishinda ni nepi.

Zamani alikuwa akilala chali anatazama dari, unamaliza kazi yako yeye hana habari. Siku hizi kabla mgongo haujagusa godoro ameshageuka kifudifudi. Nikimrudisha anajipinda kama upinde, anarusha mateke, analia kilio ambacho bila shaka majirani wanadhani namchuna ngozi. Nikifungua upande mmoja wa nepi, kisigino kishaingia kwenye mavi. Wiki iliyopita alinichoropoka sijamaliza kumfuta, akatambaa hadi katikati ya zulia, akaketi. Doa lile nimelimwagia maji ya moto na sabuni ya kila aina, halitoki.

Nimembembeleza, nimemkemea. Nimempa simu, siku tatu za kwanza ilikuwa dawa, siku ya nne akawa anageuka na simu yake mkononi. Jumanne nikaikusanya miguu yake kwa mkono mmoja, nikaibana kwa nguvu hadi nikamaliza. Nilipomwachia niliona alama za vidole vyangu pajani, nyekundu. Zilifutika baada ya muda mfupi, ila mimi bado naziona. Mama yake sijamwambia.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kwa bibi yake hafanyi hivyo. Mama yangu hutujia mwisho wa wiki, na humbadilisha huku anapiga soga na watu, mtoto katulia tuli. Nikimuuliza siri yake anacheka: "Samaki mkunje angali mbichi. Mpige kikofi cha paja mara moja tu, atakuheshimu." Lakini yeye mwenyewe sijawahi kumwona akimpiga.

Nauliza, Shangazi: huu ni ukaidi wa kukomeshwa mapema? Au binti yangu hanipendi?

Nyongeza: ana vipele vyekundu kwenye mikunjo ya mapaja, kama siku 10 sasa. Nampaka poda lakini havipungui. Wiki mbili zilizopita alimaliza dozi ya antibiotiki kwa ajili ya sikio. Sidhani kama vinahusiana, nimetaja tu.

Baba Kambare

JIBU

Marahaba, mwanangu Baba Kambare.

Barua yako nitaianzia mkiani, kwa ile nyongeza uliyoitupa kama mtu anayekumbuka neno akiwa keshafika mlangoni. Vipele vya siku 10, ndani ya mikunjo, vilivyotokea karibu na dozi ya antibiotiki, si vya kutaja tu. Ningekuwa karibu nawe ningekwambia umbebe mtoto twende kliniki kwanza, mambo ya ukaidi tutazungumza njiani.

Upele wa kawaida wa nepi huletwa na mkojo na kinyesi kukaa kwenye ngozi. Huo hupenda sehemu zilizobinuka, zile zinazogusana na nepi, hasa matako. Ndani ya mikunjo mara nyingi husalimika. Upele unaojificha ndani ya mikunjo yenyewe, wekundu wake umekolea, na pembeni vipele vidogo vimetawanyika kama vifaranga waliomzunguka mama yao, huo mara nyingi ni fangasi. Antibiotiki iliyotibu sikio iliua pia bakteria wapole wanaoishi mwilini, wale ambao kazi yao mojawapo ni kuwazuia fangasi wasitambe. Ongeza joto na unyevu wa ndani ya nepi, shamba limeshalimwa.

Mimi mtoto sijamwona, kwa hiyo wa kuamua ni mhudumu wa afya. Kama ni fangasi, atapewa krimu ya kuwaua, nawe utaipaka kwa siku zote ulizoambiwa hata kama ngozi imesafika mapema. Usikimbilie krimu ya mchanganyiko, ile yenye dawa kadhaa kwa pamoja, kwa sababu ilimsaidia mtoto wa fulani. Baadhi yake zina steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho), na ngozi iliyofunikwa na nepi hunyonya dawa kuliko ngozi iliyo wazi. Poda nayo iache leo. Vumbi lake mtoto akilivuta linakwenda mapafuni, na likikutana na unyevu wa mikunjo linaganda vidonge vinavyokwaruza palepale panapouma.

Wakati unasubiri, vile vitambaa vya kufutia vyenye manukato viweke kando. Tumia maji ya uvuguvugu na pamba au kitambaa laini, futa kuanzia mbele kwenda nyuma (kwa binti hili halina mjadala, ndiyo njia ya kuzuia kinyesi kisifike kwenye njia ya mkojo), kisha kausha kwa kugusagusa, usisugue. Mwache uchi kidogo apigwe na hewa. Zulia limeshaharibika, unaogopa nini tena?

Baada ya hapo jiulize jambo moja. Una kidonda mahali laini kuliko pote mwilini, kila baada ya saa chache anakuja jitu kubwa, linakulaza chali, linakifuta kwa kitambaa baridi chenye manukato yanayochoma. Ungetulia?

Kuna na sikio. Sikio linalouma huuma zaidi mtoto akilazwa. Inawezekana katika siku zile za ugonjwa kulala chali kulikuwa na maana ya maumivu, na yeye bado hajaamini kwamba yamekwisha. Huko kliniki muombe mhudumu alitazame tena. Mwambie pia kama analia anapokojoa, kama ana homa isiyo na sababu ya kuonekana, kama mkojo unanuka isivyo kawaida, au kama anaonyesha maumivu unapotanua mguu mmoja na si mwingine. Hayo sikuyasoma kwenye barua yako, ila nawe hukutaka hata kuutaja upele, kwa hiyo nauliza.

Tukishayatoa maumivu, bado vita havijaisha, kwa sababu naona vilianza kabla ya upele. Alipokuwa anatazama dari alikuwa hajui kwenda popote. Sasa anatambaa, anajivuta asimame, ana safari zake. Mwili wake unamtuma ainuke siku nzima, na wewe ndiye mtu pekee anayemwambia alale chini kama gogo, tena katikati ya shughuli, tena bila kumpa taarifa. Kwake huo si usafi. Nepi chafu haimsumbui kama inavyokusumbua wewe. Kwanza ina joto.

Kwa hiyo ukaidi sioni. Mtoto wa miezi 11 hana uwezo wa kupanga kukudharau. Methali ya mama yako ni nzuri na ina mahali pake, lakini hata samaki mbichi hakunjwi akiwa bado anatapatapa. Atakukata kwa mapezi. Kikofi cha paja kitamfundisha kwamba nepi ikitajwa kuna kupigwa, na kesho yake ataanza kulia ungali unaitafuta nepi yenyewe.

Maneno ya mama yako yaache, mikono yake ndiyo uitazame. Jumamosi akija, usimuulize siri. Keti pembeni, funga mdomo, hesabu vitu. Anamwendea mtoto kutoka mbele au anamnyakua kwa nyuma? Anasema naye kwanza? Anamlaza, au anamwacha asimame ameshika goti lake? Anamkamata wapi? Mimi nadhani utakuta mama yako hamlazi hata kidogo, au anamlaza kwa sekunde chache sana. Wanawake waliolea watoto wengi hufanya mambo mia kwa mikono yao ambayo ukiwauliza hawana maneno yake, ndipo wanakutupia methali. Soga anazopiga nazo usizidharau. Sauti yake haipandi, uso wake haukunjamani, mtoto haoni dalili ya vita. Wewe unaingia ulingoni umeshauma meno.

Sasa mbadilishe akiwa amesimama. Hili ndilo litakalokupunguzia nusu ya kazi. Nepi ya mkojo haina sababu yoyote ya kumlaza mtoto anayeweza kusimama kwa kushikilia. Msimamishe kwenye kiti kizito au kochi, mbele yake weka kitu cha kuchezea kwenye usawa wa mikono yake, wewe piga magoti nyuma yake. Fungua nepi chafu, iache idondoke, mfute. Nepi safi ibane kati ya mgongo wake na kifua chako, pitisha sehemu ya mbele katikati ya miguu, funga upande mmoja, funga wa pili. Mara tatu za kwanza itakaa kama kofia ya mlevi. Ya nne itakaa sawa. Zipo pia nepi za kuvaa kama chupi, ambazo kuzivua unachana ubavuni bila kuzishusha miguuni. Ukiweza kuzipata kwa ajili ya mchana, usizione kuwa ni anasa.

Kinyesi ni habari nyingine, hasa kikiwa laini. Hapo inabidi alale, lakini kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Kabla hujamgusa, kila kitu kiwe kimeshafunguliwa na kiko mkono wako wa kulia: vitambaa vimelowekwa, krimu kifuniko wazi, nepi safi imetandazwa chini ya ile chafu. Ukifungua, tumia sehemu ya mbele ya nepi chafu kuondoa kilicho kingi, kisha ikunje ndani chini ya matako, upande mkavu juu. Hilo ndilo jibu la kisigino. Kikishuka hakikuti kitu. Usimwinue kwa kumkamata vifundo vya miguu kama kuku anayepelekwa sokoni. Kunja magoti yake kuelekea tumboni, mkono wako ukiwa chini ya mapaja, au mgeuze ubavu. Akitaka kugeuka kifudifudi mwache ageuke, mfute akiwa hivyo, malizia kumfunga akisimama. Kama ulimpaka awali krimu ya kinga, ile inayozuia unyevu usifike kwenye ngozi, huna haja ya kuisugua yote itoke. Ondoa tabaka lililochafuka, ongeza jingine juu.

Haya yote yafanyike sakafuni. Kitandani na mezani achana nako kuanzia leo. Mtoto anayegeuka kwa kasi hiyo huanguka wakati unanyoosha mkono kuchukua pamba, na huwezi kumdaka.

Kabla ya hapo kuna sekunde 10 ambazo nadhani unaziruka. Mwendee kutoka mbele, shuka kwenye usawa wake, muonyeshe nepi, taja jina lake na useme "nepi". Ngoja. Akiwa anaingiza kifuniko ndani ya kopo, mwache akiingize, kisha mchukue na kopo lake. Watoto wa umri huu wanaelewa maneno mengi kuliko wanayoweza kutamka, na wakipewa nafasi husaidia: mwambie "inua" kila mara ukiinua matako yake, baada ya siku kadhaa atainua mwenyewe. Mpe nepi safi aishike, ni kazi yake. Tunga wimbo wako wa mistari miwili, mbaya kiasi chochote, uimbe hapo tu na uishe nepi inapofungwa. Mtoto akishajua kwamba wimbo una mwisho, anajua na kazi ina mwisho. Tafuta na kitu kimoja ambacho hakionekani popote ila wakati wa nepi, kijiko au kopo tupu lililofungwa vizuri, na kila siku chache ukibadilishe. Vitu huchuja.

Simu, umeshaona mwenyewe. Siku nne tu! Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 halipendekezi kabisa skrini kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, lakini hata bila mwongozo, nakuhakikishia kwamba vita vya kumnyang'anya simu ni vikali kuliko vya nepi.

Punguza pia idadi ya mapambano, ila si sasa. Hadi upele upone, badilisha mara kwa mara, hata nepi yenye unyevu kidogo. Ukishapona, nepi ya kutupa yenye mkojo mdogo inaweza kungoja mtoto amalize alichoshika, kwa kuwa ndani ina chembe zinazonyonya mkojo na kuuweka mbali na ngozi. Kinyesi hakingojwi. Usiku, kama hajanya na nepi haijafurika, usimwamshe. Kama mnatumia nepi za kitambaa, hizo hazina subira hiyo, zikilowa zitolewe. Na pini za kufungia ziweke kabatini hadi kambare atakapogeuka tena mtoto. Angalia na saizi. Mistari myekundu kiunoni na mapajani ikibaki baada ya kuvua, nepi inambana, naye ana haki ya kupinga.

Sasa zile alama za vidole. Sikukemei, maana umeshajikemea, na aliyetaka kuficha asingeniandikia. Lakini Jumanne yako nyingine itakuja, ukiwa hujalala vizuri, kazi imechelewa, na mavi yako kwenye shati. Ukihisi mkono unaanza kukaza, acha kila kitu. Mweke sakafuni mahali salama, uchi na mchafu vivyo hivyo, toka hatua chache, geuka upande wa dirisha, vuta pumzi hadi mkono ulegee. Mtoto aliyejipaka kinyesi anaogeshwa, yanaisha. Mtoto aliyetikiswa kwa hasira anaweza kuumia ubongo, na hilo halioshwi. Mama yake mwambie leo, si kama mshitakiwa, bali kama mtu anayesema "hapa nimezidiwa". Nina hakika ana Jumanne zake pia.

Na eti hakupendi. Baba Kambare, hebu fanya hesabu. Bibi anambadilisha labda mara tatu kwa wiki, siku za mapumziko, amekula, amelala, ana wageni wa kuwatazama. Wewe unambadilisha mara tano kwa siku, siku tano. Ukiwa mtu anayekatiza michezo yake mara 25 kwa wiki, ndiye utakayepokea mateke mengi. Halafu watoto hawapigi kelele zao kubwa kwa wageni. Nikuulize wewe: akiisha kufungwa nepi, machozi hata hayajakauka, anakwenda kwa nani? Hukuandika, lakini mimi najua, maana ungekuwa unakimbiwa ungeshaniambia.

Kwa watoto wengi kipindi hiki hulegea wenyewe wakishazoea kutembea na kuelewa zaidi, ingawa hurudi kwa siku chache wakiota meno au wakiharisha. Karibu na miezi 18 na kuendelea utaanza kuona kama anajali akilowa, na hapo mtaanza mazungumzo ya poti, ambayo ni barua nyingine, tafadhali usiniandikie mapema.

Zulia: maji ya moto ndiyo yaliyolipika lile doa. Siku nyingine anza na maji baridi, nyonya kwa kitambaa badala ya kusugua, sabuni ifuate baadaye. Hilo la sasa lisogezee kochi juu yake.

Shangazi